Saa ya Seva Imepotoka: Kwanza Ujue Imepotoka kwa Kiasi Gani

Mtu akikupigia simu kwamba saa ya seva yake imeharibika, usikimbilie kuirudisha kwa mkono. Muulize imepotoka kwa kiasi gani, na je, imetangulia au imechelewa. Majibu ya maswali hayo mawili yatakufaa kuliko kujua aina ya mashine. Tofauti ya saa sita kamili ina chanzo chake, ya saa tatu ina chake, na ya sekunde 37 ni habari nyingine kabisa. Ukiirekebisha saa kabla ya kuandika namba hiyo, umefuta ushahidi wako mwenyewe, na kesho utaitwa tena kwa jambo lile lile.

Haya ni kwa mafundi wanaohudumia hoteli, shule, zahanati na watoa huduma wadogo wa intaneti hapa Malindi, kuanzia Watamu hadi Ngomeni. Tutateremka kutoka makosa makubwa kwenda madogo.

Mashine moja, saa tatu

Kwanza tuelewane. Kompyuta haina saa moja. Iko saa ya ubao, inayoishi kwa betri hata mashine ikizimwa. Iko saa ya mfumo, ambayo kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huihesabu tangu mashine inapowaka. Hiyo ndiyo programu zote huisoma. Na kadi nzuri za mtandao huwa na saa ya tatu ndani yake, inayopiga muhuri wa muda kwenye paketi papo hapo inapopita. Linux huiita PHC, na utaiona kama `/dev/ptp0`. Njia ya kawaida ya kuifikia saa hiyo iliingia kwenye kerneli toleo la 3.0 mwaka 2011, kwa kazi ya Richard Cochran.

Sehemu kubwa ya matatizo hutokea kwa sababu mbili kati ya saa hizo hazisikilizani. Kwa hiyo zisome zote kabla ya kugusa kitu: `timedatectl` itakupa saa ya mfumo na ya ubao pamoja, na `phc_ctl /dev/ptp0 get` itakupa ya kadi. Weka simu yako pembeni kama rejeleo, andika namba, ndipo uendelee.

Tofauti ya saa sita kamili

Hapa hakuna kilichoharibika. Mtu aliona ni saa mbili asubuhi, akaingiza 02:00. Mfumo endeshi haujui kuhesabu kuanzia macheo. Kwake hiyo ni saa nane ya usiku. Hutokea zaidi kwenye vinasa picha vya kamera za ulinzi, kwa sababu menyu zake humruhusu yeyote aliye mapokezi kubadilisha saa. Irudishe, washa ulinganishaji wa saa kwa mtandao, kisha ifunge menyu hiyo kwa nenosiri.

Tahadhari inayohusiana: mteja akikuambia tukio lilikuwa "saa tano", muulize ya asubuhi au ya usiku, na kwenye daftari lako andika 11:00 au 23:00. Nimeona watu wakipekua kumbukumbu za seva kwa saa isiyo sahihi na kushangaa hakuna kitu.

Tofauti ya saa tatu

Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejeleo ya dunia nzima, mwaka mzima, wala hatubadilishi saa kwa majira. Kwa hiyo saa tatu kamili ina maana moja tu: kuna mahali UTC imesomwa kama saa ya hapa, au saa ya hapa imesomwa kama UTC.

Chanzo cha kawaida ni kompyuta yenye Windows na Linux pamoja. Windows huiandika saa ya ubao kwa saa ya hapa. Linux kwa kawaida huiandika kwa UTC. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa inachelewa saa tatu. Ukitoka Windows ukaingia Linux, inatangulia saa tatu. Napenda kuielekeza Windows itumie UTC: ndani ya rejista, chini ya `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation`, ongeza thamani `RealTimeIsUniversal` uipe 1. Njia ya pili ni `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux. Linux yenyewe itakuonya usifanye hivyo, na sababu kubwa ya onyo hilo ni nchi zinazobadilisha saa kwa majira. Hapa kwetu haitakuuma sana, ila mashine ikipelekwa Italia na mwenyewe, na Malindi jambo hilo si geni, itakuuma.

Wakati mwingine saa yenyewe ni sahihi na kinachokosea ni eneo. Andika `date -u`. Ikiwa UTC iko sawa, tatizo linaisha kwa `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`.

Mashine imerudi mwaka 1970 au 2000, au imechelewa kwa saa chache zisizo na mpango

Dalili ya kwanza ambayo mteja huiona mara nyingi si saa. Atakwambia tovuti zote "zinasema si salama" na barua pepe zimekatika. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inayoamini ni mwaka 2000 itavikataa vyote.

Kwenye kompyuta ya kawaida, shuku betri ya CR2032. Inatakiwa kutoa volti 3. Ikiwa chini ya 2.7 hivi, badilisha. Lakini hapa pwani usiishie hapo. Chumvi ya hewa hula kile kibati kinachoishika betri, na betri mpya juu ya kibati chenye kutu ya kijani haitadumu. Safisha kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa, acha ikauke, ndipo uweke mpya.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ni kesi yake peke yake. Hadi Pi 4 hazina saa ya betri kabisa. Mfumo wake huhifadhi saa ya mwisho kwenye kadi ya kumbukumbu na kuanzia pale. Kwa hiyo umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, Pi itaamka ikidhani bado ni saa nne usiku. Hiki ndicho kipimo kinachokupa jibu: kosa lina urefu unaokaribia muda ambao umeme haukuwepo. Tiba ni kipande kidogo cha saa, DS3231, chenye betri yake. Usinunue DS1307 kwa sababu ni rahisi. Haina fidia ya joto. DS3231 hupotoka kwa kadiri ya dakika moja kwa mwaka. Pi 5 ina saa ya ubao tayari, lakini betri hununuliwa pembeni.

Intaneti ikiwepo, mbona saa haijirekebishi? Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Ikiwa kifaa chako cha kutafuta majina ya mtandao kinahakiki saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba majibu ya majina hayajaghushiwa, saa iliyopotoka sana huzifanya saini zionekane zimekwisha au hazijaanza. Majina hayapatikani, kwa hiyo seva ya saa haipatikani, kwa hiyo saa hairekebishwi. Vunja mzunguko huo kwa kuandika angalau seva moja ya saa kwa anwani ya namba. Pili, hakikisha `chrony.conf`, faili la usanidi la `chrony`, programu inayolinganisha saa kwa mtandao, ina `makestep 1.0 3`, ili katika vipimo vitatu vya kwanza iruhusiwe kuruka moja kwa moja ikiwa kosa limezidi sekunde moja. Bila hiyo, itaisogeza saa polepole, na tofauti ya saa kadhaa inaweza kuchukua siku kadhaa kwisha.

Tarehe imerudi nyuma miaka 19 na miezi saba

Ni kipokezi cha zamani cha GPS. Ishara ya asili ya GPS huhesabu wiki hadi 1024 kisha hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Watengenezaji wengine waliweka wiki ya kuanzia ndani ya programu ya kipokezi, kwa hiyo cha kwako kinaweza kuanguka tarehe yoyote, si hizo mbili tu. Mtu akiking'oa kipokezi kwenye boti la uvuvi na kukifunga juu ya paa la ofisi, anza na swali la umri wake. Programu mpya kutoka kwa mtengenezaji ikiwepo, iweke. Isipokuwepo, kitupe, usipoteze siku nzima kwa kitu hicho.

Sekunde 37, 18, 19 au 74

Namba hizi nazipenda kwa sababu hazidanganyi.

UTC, saa tunayoishi nayo, imekuwa ikiongezewa sekunde moja moja ili isiachane na mzunguko wa dunia. TAI, saa ya atomu, haiongezewi. Tangu Januari 1, 2017 tofauti yao ni sekunde 37. Protokoli ya PTP, yaani IEEE 1588, inayolinganisha saa za mashine kwa usahihi mkubwa kupitia mtandao, kwa kawaida hutembea kwa TAI. GPS nayo ina hesabu yake iliyoanza Januari 1980 na haijaongezewa kitu tangu hapo: iko sekunde 18 mbele ya UTC na 19 nyuma ya TAI.

Sasa soma dalili. Saa ya mfumo imetangulia kwa 37: saa ya kadi imenakiliwa kwenye mfumo bila kuondoa tofauti. Imechelewa kwa 37: mtu ameondoa 37 kwenye saa ambayo tayari ilikuwa UTC. Imetangulia kwa 74: ameandika `-O 37` badala ya `-O -37` kwenye `phc2sys`, programu inayonakili saa ya kadi kwenye saa ya mfumo. Tofauti ya 19: GPS imechukuliwa kana kwamba ni TAI. Na 18, hasa ikitokea mara tu baada ya kuwasha kisha ikajiondoa yenyewe: kipokezi kilikuwa hakijapata taarifa ya sekunde za nyongeza kutoka kwa setilaiti. Ujumbe mzima wa GPS huchukua dakika 12 na nusu kupita, kwa hiyo kipe robo saa kabla ya kukihukumu.

Usizitibu namba hizi kwa kuandika namba nyingine kwa mkono. Tumia `phc2sys -s eth0 -w`. Alama ya `-w` huifanya isubiri `ptp4l`, programu ya PTP ya Linux, ilingane kwanza, kisha ichukue tofauti ya UTC kutoka huko. Kisha hakiki chanzo chenyewe kinasema nini:

`pmc -u -b 0 'GET TIME_PROPERTIES_DATA_SET'`

Tazama `currentUtcOffset`, `currentUtcOffsetValid` na `ptpTimescale`. Ikiwa chanzo kinatangaza 37 lakini kinasema si halali, tatizo liko kwa aliyekisanidi chanzo, na hakuna utakachofanya kwenye mashine ya mteja kitakachodumu.

Sekunde moja au mbili kila siku, zikilimbikizana

Hii ni kristali. Saa ya ubao hutumia kristali ya kwatzi ya mitetemo 32,768 kwa sekunde, iliyopangwa iwe sahihi kabisa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Ukitoka hapo, kwa joto au kwa baridi, huchelewa, na huchelewa kwa kipeo cha pili cha tofauti ya joto: takriban sehemu 0.034 kwa milioni kwa kila nyuzi, ikizidishwa nyuzi hizo tena. Kabati lililo chini ya mabati likifika nyuzi 45, ni sehemu 13.6 kwa milioni, yaani sekunde 1.2 kwa siku. Kwa hiyo mteja akisema mashine huchelewa zaidi wakati wa kaskazi kuliko wakati wa kusi, mwamini. Hamisha kabati au liwekee feni.

Lakini hesabu hiyo inahusu mashine inayozimwa. Mashine inayowaka muda wote na yenye mtandao haifai kupotoka hata kidogo, na ikipotoka ulinganishaji haufanyi kazi. Angalia `chronyc sources`. Safu ya `Reach` ikiwa 377, majibu manane ya mwisho yote yalifika. Ikiwa 0, paketi hazirudi, na mara nyingi fayawoli imeziba poti ya UDP 123.

Ikiwa saa inapotoka kwa dakika kadhaa kwa saa moja, achana na kristali. Kerneli haikubali kusahihisha zaidi ya sehemu 500 kwa milioni kwa mwendo wa kawaida, ambazo ni sekunde 43 kwa siku, na kristali nzima haifiki karibu na hapo. Pekua `dmesg`, kumbukumbu za kerneli, utafute `tsc`, kaunta ya ndani ya prosesa, iliyotajwa kuwa `unstable`, kisha soma `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` ujue kerneli imehamia kaunta gani. Kwenye mashine pepe, shuku kwanza mwenyeji wake, yaani kompyuta halisi inayoibeba.

Milisekunde kadhaa ambazo hazitoki

NTP, protokoli ya kawaida ya kulinganisha saa kwa mtandao, hupima safari ya paketi ya kwenda na kurudi, kisha hudhani pande mbili zina urefu sawa. Kwenye intaneti ya simu au ya setilaiti pande hizo hazilingani, na nusu ya tofauti yao inabaki kuwa kosa. Ubaya wake ni kwamba `chrony` haiwezi kuliona. Utaweka seva tano kutoka `ke.pool.ntp.org` na zote zitakubaliana, kwa sababu zote zinapita kwenye kiungo chako kile kile kilichopinda.

Tiba ni chanzo chako mwenyewe: kipokezi cha GPS chenye mpigo wa kila sekunde, PPS, kinachoonekana kama `/dev/pps0`. Ukisoma sentensi za GPS peke yake kupitia waya wa data bila mpigo huo, utapata kosa la sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na linayumba.

Kabla hujauza vifaa, hata hivyo, uliza saa hiyo ni ya kazi gani. Hoteli, shule na zahanati hazihitaji kushuka chini ya milisekunde chache. Mikrosekunde ni za watu wachache: minara ya simu ambayo hutuma na kupokea kwa masafa mamoja hutakiwa kukaa ndani ya mikrosekunde 1.5, na kuna vituo vya umeme, studio za sauti kwa mtandao, na kazi za anga. Kwa hilo la anga hatuko mbali: kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, ndipo iliporushwa Uhuru mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa elimu ya nyota kwa miale ya eksirei. Data yake ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3, chanzo cha miale hiyo angani, hupiga mapigo kila sekunde 4.8 hivi, jambo lisiloonekana bila muhuri wa muda unaoaminika kwenye kila kipimo.

PTP haishiki

Anza na kadi: `ethtool -T eth0`. Unatafuta `hardware-transmit`, `hardware-receive` na namba ya saa ya kadi. Ikisema `none`, kadi au draiva yake haina saa, na hakuna usanidi utakaoileta. Kadi nyingi za bei nafuu na adapta za USB ziko hivyo. Intel i210 ni chaguo la miaka mingi na bado naliamini. Na ikiwa mashine zote ziko kwenye jengo moja na kadi ni nzuri, jaribu kwanza mstari mmoja wa `hwtimestamp *` ndani ya `chrony.conf`. NTP yenye mihuri ya maunzi huwatosha wengi, na inakuepusha na yote yanayofuata.

`ptp4l` ikikwama kwenye `LISTENING`, haisikii chanzo. PTP juu ya UDP hutumia poti 319 na 320 na anwani ya kundi 224.0.1.129, fungua fayawoli, kisha angalia kama swichi inachuja ujumbe wa kundi. Halafu linganisha `domainNumber` pande zote mbili, na kama zote ziko juu ya UDP au zote moja kwa moja juu ya Ethernet. Ikisikia chanzo lakini ikabaki `UNCALIBRATED`, mara nyingi upande mmoja unapima ucheleweshaji mwisho hadi mwisho na mwingine unapima jirani kwa jirani.

Ukiona `timed out while polling for tx timestamp`, draiva inachelewa kutoa muhuri. Ongeza `tx_timestamp_timeout`. Likijirudia hata baada ya hapo, sasisha kerneli.

Kuna moja la kuchekesha, na ni la kawaida kuliko yote: `ptp4l` inaripoti kosa la nanosekunde 20, na `date` iko sekunde tatu nyuma. Si ajabu. Kwa mihuri ya maunzi, `ptp4l` hurekebisha saa ya kadi tu. Anayeibeba hadi saa ya mfumo ni `phc2sys`, na hakuna aliyeiwasha.

Kinyume chake, kosa likipanda na kushuka kama meno ya msumeno, kuna programu mbili zinazoishika saa moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja: `phc2sys` na `chrony`, au `chrony` na `systemd-timesyncd`. Chagua mmoja. Ukitaka `chrony` ibaki, ipe saa ya kadi kama chanzo kwa `refclock PHC /dev/ptp0` na uizime `phc2sys`. Kumbuka tu kwamba tofauti ya TAI sasa ni jukumu la `chrony`, la sivyo utarudi kwenye zile sekunde 37.

Ikiwa kosa halipandi wala kushuka kwa mpango bali linatetemeka kwa mikrosekunde kadhaa, tazama swichi. Swichi ya kawaida isiyojua PTP huzichelewesha paketi kulingana na msongamano. Zima pia uokoaji wa nishati wa Ethernet: `ethtool --set-eee eth0 eee off`.

Na likiwa thabiti, nanosekunde mia moja hivi zisizosogea, pima waya wa antena. Ishara huchukua takriban nanosekunde tano kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 kutoka paa hadi kabati ni nanosekunde 100. Ziingize kwenye usanidi wa kipokezi kama ucheleweshaji wa waya. Ukiwa juu ya paa, funga upya kiungo cha antena kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Chumvi ikiingia pale, setilaiti zitaanza kupotea moja moja na utapewa lawama za programu.